Mnazi wa uani, nyuzi 48 na majibu matatu: hesabu ya nani ndiyo?

#1 MamaUani_Kisauni
Salaam wana jukwaa. Nina mnazi uani kwangu, Kisauni. Chonga, wale wadudu wanaotoboa minazi, wameumaliza kichwa, makuti yaliyobaki yananing'inia tu, na shina limeinama. Nataka uanguke kwa amri yetu kabla haujaanguka kwa amri yake. Upande mmoja kuna ukuta wa jirani na waya za stima, hapo haiwezekani kabisa. Upande ulio wazi ni wa jiko la nje, na kutoka shinani hadi ukuta wa jiko ni mita 15 kamili. Swali langu: ukilazwa upande huo, utafika jikoni?

Tulipima hivi. Tulisimama kwenye tangi la maji, mita 12 kutoka shinani kwa tepu. Kijana wangu wa kidato cha pili akatumia programu ya simu ya kupima pembe, akalenga kichwa cha mnazi: nyuzi 48. Simu ilikuwa usawa wa macho, mita 1.5 kutoka chini. Akapiga hesabu akapata mita 13.33. Binamu yake wa chuo akachukua vipimo hivyo hivyo akapata 15.90. Mkwezi wetu, mzee ambaye hana haja na simu, aliutazama mara moja akasema "pima nane". Pima nane ni kama mita 14.6.

Kwa jibu moja jiko limepona, kwa jingine limevunjika. Nani amekosea?

#2 Timazi_Bamburi
Mama, kijana wako hajakosea, ila hajamaliza. Tanjenti ya nyuzi 48 ni 1.1106. Zidisha kwa 12 upate 13.33. Lakini hicho ni kimo kuanzia machoni kwenda juu. Kipande cha chini, kutoka machoni hadi ardhini, amekisahau. 13.33 + 1.5 = 14.83. Jiko limepona kwa sentimita 17, haijafika hata shubiri.

#3 Mwalimu_Mstaafu_Changamwe
Namuunga mkono #2. Niongeze kwa faida ya kijana, maana jibu bila sababu halikai kichwani.

Chora pembetatu mraba. Pembe mraba, ile ya nyuzi 90, iko pale mstari wa macho unapokutana na shina. Wewe umesimama kwenye pembe ya nyuzi 48. Upande unaoutazama mbele yako, yaani shina, ndio mkabala. Upande unaokuunganisha na pembe mraba ndio jirani. Mstari wa mshazari kutoka jichoni hadi kileleni ndio haipotenasi. Saini ni mkabala kugawa kwa haipotenasi. Kosaini ni jirani kugawa kwa haipotenasi. Tanjenti ni mkabala kugawa kwa jirani. Unajua jirani (12), unautafuta mkabala, haipotenasi hukuipima wala huitaki. Kwa hiyo ni tanjenti, hakuna nyingine.

Nimefundisha miaka mingi na kosa kubwa halikuwa kwenye kugawa. Mwanafunzi anashika kwamba "mkabala ni ule uliosimama wima". Si hivyo. Hama uende kwenye pembe ya juu na majina yanabadilishana: aliyekuwa jirani anakuwa mkabala. Haipotenasi peke yake haihami, iko mbele ya pembe mraba siku zote.

#4 Barobaro_Magongo
Kwani Pythagoras ana kazi gani? Mbona msitumie yeye tu, mkaacha mambo ya pembe?

#5 Timazi_Bamburi
Ndugu yangu wa Magongo, Pythagoras anakutaka uje na pande mbili ndipo akupe ya tatu. Hapa pana upande mmoja na pembe moja. Labda umpandishe Mama Uani kileleni na tepu mdomoni avute mshazari hadi tangini.

#6 Barobaro_Magongo
Hapo nimekubali. Mama abaki chini 😄

#7 SokaToa_Likoni
Mwalimu #3, sisi shuleni tulifundishwa "sokatoa" tukaiimba kama kwaya. Mimi mwaka mzima nilidhani ni Kiswahili: soka, halafu toa. Nilikuwa nikitoa namba ndogo kwenye kubwa! Baadaye ndipo nikajua ni SOH-CAH-TOA, kila herufi ni mwanzo wa neno la Kiingereza. Je, hakuna ya kwetu?

#8 Mwalimu_Mstaafu_Changamwe
Mimi niliwaandikia ubaoni: SaMHa, KoJiHa, TaMJi. Saini ni Mkabala kwa Haipotenasi, na kuendelea. Wakiitamka "samha kojiha tamji" inakaa. Wengine waliichukua, wengine waliendelea na soka yao.

#9 Dada_Kokotoo
Jamani, mbona hakuna aliyegusa 15.90 ya binamu? Mimi nimeipata ilikotoka. Kikokotoo chake kilikuwa kwenye radiani, kile kipimo kingine cha pembe, si nyuzi!

Jaribuni wenyewe. Weka kikokotoo kwenye radiani, andika tan 48. Kitakupa 1.2001, kwa sababu kinadhani umezunguka radiani 48, ambazo ni mizunguko saba na zaidi ya nusu. 1.2001 × 12 = 14.40. Ongeza 1.5 ya macho, 15.90. Barabara hadi nukta ya mwisho. Radiani moja ni kama nyuzi 57.3, kwa hiyo kwa kawaida kosa hili linatoa jibu la ajabu, hasi au kubwa mno, na mtu anashtuka. Kwa 48 limetoa namba inayofanana na ukweli. Ndiyo hatari yake.

#10 Mwalimu_Mstaafu_Changamwe
Dada, hapo umetuonyesha kitu. Ndiyo sababu sikuacha kukipenda kitabu cha jedwali. Jedwali la tanjenti limeandikwa nyuzi juu yake, kidole kinashuka mstari wa 48 na hakiwezi kuangukia radiani.

#11 PwaniPwani
Dada_Kokotoo, usimhukumu binamu kabla hajasikizwa. Tanjenti ya nyuzi 50.2 nayo ni 1.200. Kama yeye alipima upya mwenyewe akapata 50.2, atafika 15.90 ile ile bila kugusa radiani. Mama alisema "vipimo hivyo hivyo", lakini je, alikuwepo?

#12 MamaUani_Kisauni
Ahsanteni sana. PwaniPwani, sikuwepo, nilikuwa namwagilia mchicha. Nimempigia binamu. Anasema alilenga tena kwa simu yake "kuhakikisha" lakini hakumbuki ilisoma ngapi. Na anasema hajui kikokotoo chake kiko kwenye nini. Kwa hiyo bado mnaweza kugombana.

#13 FundiMakuti_Mtwapa
Mimi ni fundi wa paa na hapa mnapima kitu kisichohitajika. Mama hakuuliza mnazi una kimo gani, ameuliza utafika wapi ukilala. Ukilala, urefu wa shina ndio unaohesabika, si kimo. Na shina limeinama! Kimo ni upande wa wima, shina ndilo haipotenasi. Tuseme limeinama nyuzi 10 kutoka wima: 14.83 kugawa kwa kosaini ya 10, ambayo ni 0.9848, unapata 15.06. Jiko limeguswa.

Ni hesabu yangu ya kila siku. Nyumba ya upana wa mita 6, nusu yake 3. Makuti yanataka mwinamo mkali, nyuzi 45 hivi, ama sivyo mvua ya masika inalala juu yake na kuyaozesha. Boriti ya paa ni 3 kugawa kwa kosaini 45, yaani 4.24, kisha unaongeza upenu. Nyumba hiyo hiyo ukiiezeka mabati kwa nyuzi 15, ni 3.11 tu. Mteja akiniuliza mbona makuti yanakula mbao nyingi namchorea pembetatu hiyo mchangani.

#14 Aliyeumia_Mikindani
FundiMakuti, laiti ningekujua mapema. Fundi mmoja alininunulisha mbao za futi 10 kwa banda la makuti la upana huo huo wa mita 6. Alizidisha 3 kwa tanjenti 45 akapata 3, akasema futi 10 zatosha. Alikuwa amepata kimo cha paa, si urefu wa boriti. Mbao zilipopandishwa hazikukutana juu. Nilihitaji futi 14 bila upenu. Zile fupi ziko stoo hadi leo.

#15 MpimaArdhi_Nyali
Nimesoma wote na nina wasiwasi mkubwa kuliko jicho, radiani na kosaini kwa pamoja.

Simu haikulenga shina, ililenga kichwa. Basi upande jirani wa pembetatu yenu si kutoka tangini hadi shinani. Ni kutoka tangini hadi ile nukta ya ardhi ambapo nazi ingedondoka ikikatika kichwani. Kwa mnazi ulionyooka hizo ni nukta moja. Kwa mnazi ulioinama ni mbili, na pembe mraba yenu haiko pale mlipoiweka.

Nimechukua nyuzi 10 za FundiMakuti na vipimo vya Mama kama vilivyo:

Mnazi ukiwa umeinamia tangini, kimo ni 12.40 na shina ni 12.6.
Ukiwa umeinama kwa ubavu, kimo ni 15.15 na shina ni 15.4.
Ukiwa umelipa tangi kisogo, kimo ni 18.44 na shina ni 18.7.

Mita 12, nyuzi 48 na jicho la 1.5 ni zile zile. Shina limetoka 12.6 hadi 18.7 kwa sababu ya upande mliosimama. Hesabu ya #13 imegawa kwa kosaini vizuri, ila 14.83 aliyoanza nayo haikuwa kimo cha mnazi huo.

#16 FundiMakuti_Mtwapa
Mpima, nimeisoma mara tatu. Ni kweli. Nilichukua kimo cha #2 bila kukiuliza.

#17 PwaniPwani
Lakini nyuzi 10 zenyewe nani kazipima? FundiMakuti alisema "tuseme". Sasa MpimaArdhi amejenga ghorofa tatu juu ya "tuseme".

#18 MpimaArdhi_Nyali
Ni kweli, na ndiyo maana sikusema jibu ni lipi. Mama, mnazi umeinamia wapi?

#19 MamaUani_Kisauni
Umeinamia kwa jirani kwenye waya. Nikisimama tangini nikiutazama, umeinama mkono wangu wa kulia. Labda na kidogo kunielekea, sina hakika.

#20 Kivuli_Mtopanga
Kwa nini mnajitesa? Tumieni kivuli. Simamisha kijiti cha mita moja, pima kivuli chake na kivuli cha mnazi wakati mmoja. Kijiti kugawa kwa kivuli chake ndiyo tanjenti ya jua, zidisha kwa kivuli cha mnazi. Hakuna simu wala radiani. Mama, fanya saa sita mchana jua likiwa kali, kivuli kinakuwa safi.

#21 MamaUani_Kisauni
Kaka Kivuli, nimefanya leo, tarehe 9 Machi, saa sita na nusu. Kijiti hakina kivuli! Kuna kidoa tu chini yake kama sarafu. Kijana anacheka hana mbavu.

#22 Ustadhi_Kibokoni
Kivuli hajakosea njia, amekosea siku. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini petu mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 10 na karibu na Oktoba 3. Siku hizo adhuhuri jua liko nyuzi 90 na tanjenti ya 90 haipo, kikokotoo kitaandika hitilafu. Na adhuhuri yetu ya kweli si saa sita juu ya alama. Saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa longitudo 45, sisi tuko karibu na 39.7, kwa hiyo jua linachelewa dakika 21, na mwezi huu wa Machi linaongeza kama 10 nyingine. Mama ameingia saa sita na nusu, amelipata jua pale pale utosini.

Siku hizi chache mngojee saa tisa na nusu alasiri. Saa tatu baada ya utosi jua limeshuka nyuzi 45. Tanjenti ya 45 ni 1. Kivuli cha kitu kinakuwa sawa na kimo chake, hakuna hata cha kuzidisha.

Na faida nyingine: siku ambazo kivuli cha adhuhuri kipo, kinalala kaskazini na kusini. Makka iko karibu kabisa kwenye longitudo yetu, kwa hiyo kibla cha Mombasa ni kaskazini, tofauti haifiki hata nusu nyuzi. Kijiti kimoja kinakupa kimo na kibla.

#23 MpimaArdhi_Nyali
Maelezo mazuri, Ustadhi. Ila kivuli hakikwepi tatizo langu la #15. Ncha ya kivuli ni ya kichwa cha mnazi. Mkikipima kuanzia shinani mnarudi pale pale. Anzieni kwenye nukta ya nazi.

#24 SokaToa_Likoni
Ustadhi, hili jina saini limetoka wapi? Kwetu saini ni ile unayotia kwenye hundi.

#25 Ustadhi_Kibokoni
Hilo ni tamu. Waarabu waliandika jib, na kwa kuwa irabu haziandikwi, waliokuja kutafsiri kwa Kilatini walilisoma jaib, uwazi wa vazi kifuani, mfuko. Wakaweka sinus, neno lao la pindo la vazi. Basi elimu hii ni ya Waarabu tangu mwanzo.

#26 Kitabu_Tudor
Ustadhi, kwa heshima, mwanzo uko nyuma zaidi. Hilo jib wenyewe walilitoa India: jya au jiva, upote wa upinde. Mwanahisabati wao Aryabhata aliandika jedwali la nusu za upote mwaka 499. Chora upinde na upote wake, ugawe katikati, utaiona pembetatu mraba na saini yake humo ndani. Waarabu na Waajemi walichoongeza ni kingi pia: tanjenti waliiita dhil, kivuli, kwa sababu ilitokana na kijiti na jua kama cha Kivuli_Mtopanga. Na mwanachuoni al-Biruni, karne ya 11, alipima kimo cha mlima huko Nandana, Pakistan ya leo, kisha akapima pembe ndogo ambayo upeo wa macho unashuka ukiwa kileleni, dakika 34 tu (dakika 60 za pembe ni nyuzi moja). Kwa pembetatu mraba moja yenye kona katikati ya dunia akapata nusu kipenyo cha dunia.

#27 Ustadhi_Kibokoni
Nimepokea. Sitasema tena tangu mwanzo.

#28 MwanaMaji_OldTown
Mmesahau mabaharia wetu. Manahodha wa majahazi walipima nyota kwa kamal: kibao na uzi wa mafundo, unashika uzi kwa meno, kibao kinafunika kutoka upeo wa bahari hadi nyota. Kipimo chao kilikuwa kidole, isba, kama nyuzi 1 na dakika 36. Ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi 1498 kwa kibao hicho akifuata nyota ya kaskazini.

#29 Kitabu_Tudor
Kamal ni kweli kabisa. Mawili ya mwisho yana kasoro. Rubani aliyetolewa Malindi anatajwa kwenye maandishi ya Wareno kuwa mtu wa Gujarati, na wanahistoria wengi leo hawakubali kwamba alikuwa Ibn Majid. Na nyota ya kaskazini hapa kwetu kusini mwa ikweta iko chini ya upeo. Ukitoka Malindi huioni mpaka uvuke ikweta, na huko nako iko chini mno kwenye ukungu wa bahari. Huku walitegemea nyota nyingine.

#30 MwanaMaji_OldTown
Mimi nakuachia rubani, lakini Mombasa hatukumpa da Gama mtu wa kumwongoza, hilo huliondoi.

#31 Timazi_Bamburi
Jamani tumefika India na mnazi wa Mama bado umesimama. Mama, kuna njia ya fundi. Mkwezi akiweza kupanda salama, afunge jiwe kwenye kamba ateremshe kutoka kichwani. Hiyo ni timazi. Urefu wa kamba ndio kimo, jiwe linapogusa ndiyo nukta ya nazi ya Mpima. Lakini kwanza agonge shina lote kwa nyuma ya panga. Kama linaita debe, asipande. Chonga wakishaozesha kichwa, kinaweza kumkatikia mkononi.

#32 MamaUani_Kisauni
Wapendwa, mzee amekuja asubuhi. Amegonga, akasema shina ni zima, kuoza kuko juu tu kwenye moyo. Amepanda hadi chini ya makuti akateremsha kamba. Vipimo: kamba mita 14.6. Kutoka jiwe hadi shinani mita 2.4.

Na mnaona? Pima nane! Alisema kabla ya yeyote kutoa simu.

#33 FundiMakuti_Mtwapa
Sasa Barobaro wa Magongo amepata siku yake, tuna pande mbili. Mraba wa 14.6 ni 213.16, mraba wa 2.4 ni 5.76, jumla 218.92, kipeuo chake 14.80. Shina ni mita 14.8. Mwinamo ni nyuzi 9 na kidogo, "tuseme" yangu haikuwa mbali. Limebaki na sentimita 20 kufika jikoni.

#34 Barobaro_Magongo
Nilisema Pythagoras tangu #4!

#35 Dada_Kokotoo
Mzee apewe heshima yake, ila nina swali. Pima ni mikono miwili iliyotandazwa. Mita 1.83 ni pima ya wenye kamba na vitambaa. Yake yeye ni ngapi?

#36 MamaUani_Kisauni
Nimempima. 1.72.

#37 Dada_Kokotoo
Nane mara 1.72 ni 13.76. Kama alihesabu kwa mikono yake, alipungukiwa karibu mita moja. Kama alihesabu kwa pima ya dukani, amelenga shabaha.

#38 MwanaMaji_OldTown
Mzee aliyekwea minazi maisha yake yote hahesabu mikono yake wala duka. Anahesabu ngazi alizochonga shinani. Muulizeni vidato vingapi.

#39 MpimaArdhi_Nyali
Mimi bado sijaridhika na nyuzi 48. Kama kichwa kiko 14.6, toa 1.5 ya macho, inabaki 13.1. Gawa kwa 1.1106, kutoka tangini hadi nukta ya nazi iwe 11.80. Lakini kama mnazi umeinama kulia tu, umbali huo ulipaswa kuwa 12.24, na simu ingesoma karibu 47. Kwa hiyo ama mnazi umeinama kidogo kuelekea tangini kama Mama alivyoshuku #19, ama simu imekosea nyuzi moja. Nyuzi moja hapo ni karibu nusu mita ya kimo, si kitu cha kupuuza.

#40 Timazi_Bamburi
Au upepo. Kaskazi bado unavuma, kamba ya mita 14 na jiwe dogo haitulii. Jiwe likisukumwa, ile 2.4 nayo si 2.4.

#41 Kivuli_Mtopanga
Au uwanja una mteremko. Mama, tangini na shinani ni usawa mmoja? Macho ya 1.5 yalipimwa kutoka ardhi ya tangini, si ya shinani.

#42 PwaniPwani
Au kijana alilenga ncha ya kuti, si pale kamba ilipofungwa.

#43 FundiMakuti_Mtwapa
Na kuhusu makuti: hata kwa 14.8, makuti ya mnazi ni marefu kuliko mtu mara mbili na yanatangulia mbele shina likilala. Sentimita 20 si nafasi. Yakatwe yote kwanza, halafu kichwa kiteremshwe kwa kamba, shina likatwe vipande kuanzia juu. Mama, na usivute mnazi kinyume cha mwinamo wake bila kamba mbili na watu wanaojua, waya ziko upande ule.

#44 MamaUani_Kisauni
Mzee naye kasema hivyo hivyo, vipande kutoka juu. Tumepanga Jumamosi. Kijana amekataa mnazi uguswe kabla hajamjibu MpimaArdhi. Ameshachora pembetatu nne kwenye ukuta wa tangi kwa makaa.

#45 MpimaArdhi_Nyali
Mwambie apige msumari pale jiwe lilipogusa, avute tepu kutoka msumarini hadi tangini. Akipata 11.80 simu imepona. Akipata 12.24, simu ndiyo yenye makosa. Katikati ya hapo, sijui nitasema nini.

#46 Timazi_Bamburi
Na apime alfajiri, upepo ukiwa umelala, kamba iteremshwe tena.

#47 MamaUani_Kisauni
Msumari tayari. Kesho baada ya sala ya alfajiri mzee anapanda tena.